Puti Chini ya Mlango

Kaka yangu alipoiona kompresa yangu alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Nina hasira za karibu. Wateja wangu wanajua, majirani wanajua, na mama yangu mzazi ananiita Jiko kwa sababu hiyo. Siku ile nilijikaza kisabuni kwa kuwa nilikuwa na shida naye.

Kompresa yenyewe, mashine ya kusukuma upepo, ilikuwa ndogo, ya lita ishirini na nne, nyekundu, ina magurudumu mawili na kishikio cha kuivutia. Niliinunua pamoja na seti ya vifaa vya upepo vya bei ya kutupa: msumeno, patasi, kidisko cha kukatia, mashine ya msasa, na koleo la kukunjia ukingo wa bati. Kaka aliunyanyua msumeno kwa vidole viwili kama anamtoa panya mtegoni. Akaniuliza kama nilipewa bure kama nyongeza ya kununua sabuni. Akasema kitu kile kitakata dakika moja, kisha kompresa itaishiwa pumzi, na mimi nitakaa chini kuingoja kama ninavyongoja nywele zikauke. Akanipa na jina hapohapo, Fundi Pumzi, na kufika kesho yake gereji yake nzima ilikuwa inaniita hivyo.

Kuringa kwake si kwa bure. Ni fundi bodi, tena hodari, na watu wanamwita Kioo kwa sababu gari likitoka mkononi mwake unaweza kuchana nywele mbele ya mlango. Mimi nashona sare za shule. Mabati nilianza kuyachezea miaka mitatu iliyopita, kwa kupenda tu: nilinyoosha kabati la chuma la dukani kwangu, nikaziba shimo kwenye boneti ya jirani, nikaona mikono yangu inaelewa. Anayejua kupima, kukata na kuacha upindo kwenye kitambaa ana pa kuanzia.

Lakini safari hii haikuwa kujifurahisha. Marehemu baba alimwachia Mama gari dogo la milango minne, zee ila linatembea vizuri. Mama haendeshi, namwendesha mimi. Mara tatu kwa wiki nampeleka hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zimegoma. Tena ana mguu mmoja usiokunjika. Basi hukaa kiti cha nyuma upande wa dereva, akaegemeza mgongo mlangoni, akaunyoosha mguu juu ya kiti. Wiki moja gari lilipokuwa kwa fundi wa injini tulikodi teksi, na dereva hakutaka mguu wa mtu juu ya kiti chake. Mama aliukunja kwa nguvu akalia njia nzima, kilio kile cha mtu mzima asiyetaka asikike. Niliapa haitatokea tena.

Ndipo tukaenda ukaguzi. Mkaguzi akapita chini ya gari na tochi, akasukuma bisibisi kwenye kizingiti cha upande wa abiria, yaani lile boksi la bati linalopita chini ya milango na kubeba ubavu mzima wa gari. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akaandika kwamba kizingiti kile kimeoza, akatupa siku kumi na nne. Zikipita, gari halina ruhusa ya kuonekana barabarani.

Nikamkimbilia Kaka, nani mwingine? Vizingiti vile yeye ndiye aliyevitengeneza, vyote viwili, miaka mitano nyuma, baba akiwa hai. Baba alimlipa kama mteja mwingine yeyote, tena kwa fahari, na miezi mizima alikuwa anawasimamisha watu njiani awaonyeshe kazi ya mwanawe. Nilidhani Kaka atakuja siku hiyohiyo. Hakuja hata kulitazama. Alisema gari lile limekufa, liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kwamba mwenye akili timamu hapotezi muda na mfu. Nilimbembeleza. Akasema ana kazi hadi mwisho wa mwaka. Niliponunua vifaa vyangu na kumwomba aje anielekeze tu, akaja, akacheka, akaondoka.

Basi nikaanza peke yangu, kila alasiri nikishafunga duka, uani kwetu chini ya kipaa cha bati. Nilipandisha gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi nne, nikang'oa viti na zulia. Kwa siku za hospitali, jirani niliyemzibia boneti alikubali kutupeleka wiki mbili hizo. Kila siku kabla ya kuanza nilifungua kizibo cha chini ya tangi la kompresa maji yatoke, maana upepo unakuja na unyevu wake, na unyevu unaua vifaa. Kisha matone matatu ya mafuta kwenye tundu la msumeno. Vifaa rahisi havina msamaha. Ukivinyima mafuta siku mbili, ya tatu vinagoma.

Na Kaka alisema kweli, kompresa ilikuwa inaishiwa pumzi. Unakata dakika moja na nusu, msumeno unaanza kuvuta miguu, unaachia, na mashine inanguruma dakika tatu kujaza tangi. Mwanzoni ilinikera hadi nikaipiga teke. Baadaye nilizoea mwendo wake. Ikiwa inajaza, mimi napima, nachora mstari, nakata kigezo cha karatasi ngumu, napiga brashi ya waya. Mama alikuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, pamba masikioni, ananisimamia kama mkuu wa shule. Sindano ya geji inayopima upepo ikifika juu ananyoosha kidole, nami naendelea.

Siku ya pili ndipo nilipofika penye ubaya wenyewe. Niliingiza msumeno chini ya mlango wa nyuma upande wa abiria, nikasubiri ule mlio wa bati. Haukuja. Meno yalizama kwa ulaini wa kuudhi, na badala ya vumbi la chuma ukatoka unga mweupe, ukanijaa mikononi na kwenye miwani. Puti. Fundi yeyote hupaka puti, tena nyembamba, kulainisha bati kabla ya rangi. Hii ilikuwa nene kuliko kidole gumba changu. Nikabadili, nikashika patasi ya upepo, nikaibandua ile puti kipande kwa kipande mpaka boksi likafunguka.

Ndani hapakuwa na bati. Palikuwa na magazeti yaliyosokotwa, gunia, wavu wa madirishani, na sponji ya godoro. Vyote vilikuwa vimelowa maji na kuoza, vinanuka kama kitambaa cha deki kilichosahauliwa. Bati la zamani, lililotakiwa kukatwa na kutupwa, lilikuwa limebaki humohumo likiliwa na kutu miaka mitano chini ya rangi inayong'aa. Ubavu wa gari tulilokuwa tunampakia Mama ulibebwa na gazeti la michezo.

Sijui nieleze vipi hasira ile. Si ile yangu ya kila siku, ya kuwaka na kuzimika. Hii ilipanda taratibu, na mikono yangu ilitulia tuli. Nikaelewa kwa nini hakutaka kuja kulitazama. Nikaelewa kile kicheko. Alikuwa hachekeshwi na msumeno wangu, alikuwa anauogopa.

Mama aliuliza kuna nini. Nilimwambia kutu. Nilijaza mabaki yale kwenye mfuko ninaofungia sare, nikaenda gereji kwa miguu, na vumbi langu kichwani.

Kaka alikuwa anampa mteja maelezo ya rangi. Aliponiona na ule mfuko alijua, maana alimwacha mteja katikati ya neno. Alitaka kunivuta nyuma ya gereji. Sikuvutika. Nilimimina uchafu wote juu ya meza yake safi ya kuchanganyia rangi, sponji, wavu na magazeti, na yule mteja akasogea kuangalia.

"Hii ndiyo kazi aliyokuwa anaisifia baba," nilimwambia.

Alianza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba wakati ule kazi zilikuwa nyingi. Kwamba baba alitaka gari haraka na aling'ang'ania ling'ae. Kwamba mafundi wote wanafanya hivyo kwa magari ya zamani, na mimi mtu wa cherehani sijui mambo ya gereji. Nilimuuliza kama mafundi wote wanawafanyia hivyo mama zao. Nilimuuliza alipata wapi uso wa kupokea mkono wa baba kila alipompongeza mbele ya watu. Mteja wake aliokota kipande cha puti, akakipima unene kwa vidole, kisha akatazama gari lake mwenyewe lililokuwa pale kwenye kona.

Nilikuwa na swali moja tu la maana, na nililiuliza polepole ili lisipotee kwenye kelele.

"Upande wa dereva je? Anapokaa Mama?"

"Ule niliweka bati jipya," alisema. "Upande ule ulikuwa mbaya zaidi, nikaukata wote. Naapa kwa kaburi la baba."

Ningeweza kuondoka na kiapo chake, lakini nilikuwa nimekwisha kuchoka kumwamini. Nikarudi nyumbani, nikachukua sumaku ninayookotea pini dukani, nikaipitisha chini ya milango ya upande wa dereva kuanzia mbele hadi nyuma. Sumaku haishiki puti, inashika chuma. Ilishika kila mahali. Niligonga kwa kifundo cha kidole, pakalia bati. Nikasema moyoni, haya, angalau hapo alikumbuka ana mama. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, na kazi ya upande mmoja ilikuwa inanitosha. Nilikosea, na kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kwa kisirani. Nilikata uozo wote hadi nikafika kwenye bati lenye afya, lile linalong'aa ukilipiga msasa. Nilitengeneza kigezo cha karatasi, nikakihamishia kwenye bati jipya, nikakata kwa kidisko, nikalikunja kwenye ukingo wa meza ya chuma. Kwa lile koleo la upepo nilipiga upindo pembeni, ili bati jipya liingie chini ya la zamani na vilingane juu, kama unavyounganisha kiraka kisionekane. Msumeno ulikufa siku ya saba. Niliufungua, nikakuta kutu na mafuta yaliyoganda, nikausafisha kwa mswaki, ukafufuka. Kila bati lilipokaa mahali pake bila kulazimishwa nilipata raha kidogo, kisha nilikumbuka gazeti la michezo na raha ikaisha.

Kuchomelea sijui. Nilimwita mchomeleaji wa mageti wa barabara ya pili, mtu mkimya mwenye mashine nzuri ya waya. Alichoma vituo vituo, akiacha bati lipoe asije akalipinda. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya kazi, akaniuliza nani alikata. Nilipomwambia, aliitikia kwa kichwa na kusema nimemrahisishia. Nilipaka dawa ya kutu ndani na nje, puti nyembamba kama karatasi, kisha rangi. Haikung'aa sana.

Siku ya kumi na tatu tulirudi ukaguzi. Mkaguzi akaenda moja kwa moja pale alipoandika, akasukuma bisibisi, akasukuma tena kwa uzito wa mwili. Haikuingia hata ncha. Akaenda upande wa pili, akagonga mara mbili tatu, akapiga mhuri.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya Mama ya hospitali. Tulikuwa tunajiandaa Kaka akatokea, amevaa shati la kupigwa pasi. Alikuwa amesikia gari limepita ukaguzi. Sikumsalimu. Alimwamkia Mama, akaenda akachuchumaa upande wa abiria, akapapasa kizingiti kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha, bila mzaha na bila lile jina lake la kejeli, alisema kazi ni safi, na kwamba yeye mwenyewe asingekata vizuri zaidi. Nitakuwa mwongo nikisema sifa zile hazikuniingia. Nimeishi miaka arobaini nikingoja kaka yangu aniambie neno kama hilo. Nilihisi hasira inalegea, na nilikuwa tayari kuiacha iende.

Mama alitoka na fimbo yake, akaelekea kwenye mlango wake wa kila siku, wa nyuma upande wa dereva. Kaka alinyanyuka upesi akamshika mkono, akamgeuza.

"Mama, leo kaa upande huu."

Mama alimkumbusha habari ya mguu. Kwamba akikaa huku mguu unaokataa kukunjika unabaki upande wa mlango, hana pa kuunyoosha. Kaka alisema atamwekea mto. Mama akasema hataki mto, anataka mahali pake, akageuka tena. Kaka akamzunguka akasimama mbele ya mlango ule, mikono imeachana, kama mtu anayezuia kuku asitoke.

"Kaa kule tu, Mama. Nakuomba."

Nilikuwa nimeshaweka ufunguo. Niliuchomoa, nikashuka, nikamtazama usoni. Hakuwa na haja ya kusema, na alijua hakuwa na haja. Jasho lilikuwa limemtoka asubuhi ile ya baridi.

"Sumaku ilishika," nilisema.

"Debe la mafuta ya kula," alijibu, na sauti yake niliisikia kwa shida. "Nililikunjua, nikalipiga ribiti juu ya kutu, nikapaka puti. Ndani ni vilevile."

Aliapa kwa kaburi la baba. Wiki mbili alijua nakata upande ambao Mama hakai, na aliniacha nikate. Alingoja gari lipigwe mhuri. Na bila shaka angengoja zaidi, isipokuwa leo ilibidi amwone kwa macho yake akiegemeza mgongo pale.

Sikumpigia kelele. Nilijishangaa. Nilimwambia Mama tunaita teksi, nitakaa naye nyuma na mguu wake utakuwa mapajani mwangu, dereva apende asipende. Bado tulikuwa na saa nzima. Kisha nikaivuta kompresa kutoka kipaani, nikamwaga maji ya tangi, nikaiwasha. Nikatia matone matatu ya mafuta kwenye msumeno, nikamwekea Kaka mkononi.

"Kata mwenyewe," nilimwambia. "Mama aone."

Alisema ataharibu shati. Alisema tutamchelewesha Mama. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, fimbo kati ya magoti. Akasema hana haraka.

Kaka alipiga magoti mbele ya mlango wa nyuma, upande wa dereva, akakata. Debe lilifunguka kama kifuniko cha kopo, na magazeti yakaanza kumwagika juu ya shati lake, meusi, yanadondosha maji. Dakika moja na nusu baadaye msumeno ukaanza kuvuta miguu, ukasimama. Kompresa ikanguruma kujaza tangi. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na safari hii hakuna aliyecheka. Kaka alibaki vilevile kwenye magoti, uso ukitazama geji, kwa sababu kila mahali pengine pa kutazama palikuwa na sisi.

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya kupita tu juu ya ngurumo.

"Miaka yote hii, ulikuwa unajua nakaa upande gani?"

Sindano ilikuwa nusu.

"Nilikuwa najua, Mama."

Mama alitikisa kichwa polepole. Sindano ilipofika juu alinyoosha kidole, akamwambia aendelee kukata.